Maswali ya Wasomaji: Mwekezaji Akija, Ziwa Linabaki na Nini?

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza, Geita, Mara na visiwani zimegusa jambo moja: fedha za kigeni kwenye dhahabu na samaki, na uchafu unaoishia majini. Barua ndefu tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Nasoma uchumi mwaka wa pili. Mhadhiri mmoja anasema mtaji wa nje huchafua nchi zenye madini kwa sababu sheria zetu ni laini. Mwingine anasema wageni ndio wanaoleta mitambo safi. Nimsikilize nani? (Mwanafunzi, Malimbe, Mwanza)

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mwaka 1991 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger, walipokuwa wakichunguza biashara huria kati ya Marekani na Mexico, waliigawa athari kwa mazingira katika njia tatu ambazo wachumi wanazitumia mpaka leo. Kwanza ukubwa: ukizalisha zaidi, taka zinaongezeka. Pili muundo: uchumi wa pamba na ng'ombe ukihamia kwenye migodi, aina ya taka nayo inabadilika. Tatu mbinu: mtambo mpya unaweza kutoa taka kidogo kwa kila gramu ya bidhaa. Mhadhiri wako wa kwanza anatazama njia mbili za mwanzo, wa pili anaitazama ya tatu.

Kwenye dhahabu, ukubwa una uzito wa pekee. Chukua mwamba wenye gramu 3 za dhahabu kwa tani. Pete ya gramu 6 inahitaji tani 2 za mwamba huo, usagwe uwe laini kama unga. Gramu 6 zinapanda ndege, na tani mbili zilizosalia zinabaki hapa hapa, zikiwa zimelowa kemikali za uchenjuaji. Hapo bado hujahesabu miamba taka iliyoondolewa ili kuufikia mwamba wenye mali, ambayo kwenye mgodi wa wazi huwa mara kadhaa zaidi. Hakuna teknolojia inayofuta hesabu hiyo. Teknolojia inaamua tu taka hizo zitunzwe namna gani.

Hoja ya sheria laini inaeleweka ukitenganisha kuchimba na kusindika. Mwamba wa Geita hauhamishiki. Mwenye mtaji akiutaka, lazima aje Geita, na gharama ya kutunza mazingira vizuri ni sehemu ndogo ya gharama zake zote. Kwa hiyo ile kauli ya "tukiwabana watakimbia" haina nguvu kwenye uchimbaji kama inavyodaiwa. Kiwanda cha ngozi au cha kuyeyusha betri chakavu ni habari nyingine, kwa sababu hicho kinabebeka na kweli huweza kuja kufuata ulegevu. Mombasa wanalijua hilo: wakazi wa Owino Uhuru walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichosajiliwa kwenye mpango wa uzalishaji wa kuuza nje, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ukitaka kujua ni wapi ukaguzi mkali unahitajika kabla hata ya kibali, ni kwenye viwanda vya namna hiyo.

Kwa mfano wa nyumbani, tazama North Mara, Tarime. Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodini yaliingia Mto Tigithe. Mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6, kisha bwawa la topesumu, yaani linalohifadhi taka za uchenjuaji, likasimamishwa hadi lirekebishwe. Baadaye mwaka huohuo kampuni ya Barrick ya Kanada ikashika uendeshaji moja kwa moja, ikaanza kupunguza maji yaliyorundikana bwawani na kuongeza uwezo wa kuyasafisha. Mwamba ulikuwa uleule, na mtaji ulikuwa wa kigeni kabla na baada. Gharama ya kuchafua ndiyo iliyopanda. Ukiulizwa kwenye mtihani kama mtaji wa nje unachafua, anza kwa kuuliza kuchafua kunamgharimu mwenye mtaji kiasi gani, na nani anampelekea hiyo bili.

Shikamooni. Huku kwetu Sengerema kuna mradi wa dhahabu wa Nyanzaga, wa kampuni ya nje kwa ubia na serikali. Tunaambiwa tathmini ya mazingira ilifanyika na kitabu chake ni kinene. Sisi wa kamati ya kijiji tusome nini humo? (Mjumbe wa kamati, Sengerema)

Marahaba. Msikisome chote. Kanuni zinataka tathmini iwe na muhtasari wa Kiswahili. Anzeni na huo, na kama hamjapewa, uombeni kwa barua NEMC Kanda ya Ziwa Viktoria au kwa afisa mazingira wa halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa serikali. Yanayofuata yanahusu mgodi wowote wa dhahabu, si huo wenu peke yake.

Fungueni ramani ya bwawa la topesumu. Wekeni kidole pale bwawa lilipo, kisha fuateni mteremko: maji yakitoroka yatapita kwenye kisima cha nani, mpunga wa nani, na yataingia ziwani kwenye ghuba gani? Halafu tafuteni kilichotandikwa chini ya bwawa. Kwa kawaida ni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na juu yake plastiki nzito ya unene wa milimita 1.5 hivi. Plastiki hiyo huharibika kwenye maungio yaliyochomelewa vibaya, na kandokando pale inapobaki wazi watu huikata kwenda kuezekea. Ulinzi wake si jambo la mgodi peke yake, ni jambo la kijiji pia. Ulizeni visima vya ufuatiliaji viko vingapi upande wa chini wa bwawa, na vilipimwa lini kwa mara ya kwanza. Kisima kisichopimwa kabla uzalishaji haujaanza hakina cha kulinganisha nacho, na ubishi wa "maji yalikuwa hivi tangu zamani" hauishi.

Ukurasa unaosahaulika zaidi ni ule wa mizania ya maji: mvua kiasi gani inaingia bwawani, kiasi gani kinapotea kwa jua, kiasi gani kinarudishwa mtamboni. Wataalamu wengine hupiga hesabu kwa mwaka wa wastani. Ulizeni mwaka wenye mvua kubwa. Mvua za 2019 na 2020 zililipandisha Ziwa Viktoria hadi rekodi Mei 2020, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakutegemea. Bwawa likijaa kuliko hesabu, mgodi unabaki na njia mbili, kuyasafisha maji na kuyatoa au kuongeza kimo cha ukuta kwa haraka, na hiyo ya pili ndiyo inayoua watu.

Kuna jedwali la uwezo wa mwamba kuzalisha asidi. Miamba mingi ya dhahabu ya kanda hii ina salfaidi, yaani madini yenye salfa. Ikipata hewa na maji inatoa asidi, na asidi inayeyusha metali kama aseniki na shaba. Jedwali litaonyesha uwiano kati ya uwezo wa mwamba kuzima asidi na uwezo wake wa kuizalisha. Chini ya 1, asidi itakuja. Ukizidi 3, kwa kawaida mwamba huhesabiwa salama. Hapo katikati dai vipimo vya muda mrefu, na usikubali miamba hiyo itumike kujengea barabara za kijiji.

Mwisho ni fedha za kufunga mgodi. Sheria ya madini inataka dhamana ya ukarabati, iwe ya benki, bima au akaunti maalumu. Ulizeni ni kiasi gani, kinahuishwa kila baada ya muda gani, na nani anashika hati. Migodi huuzwa. Nyanzaga yenyewe ilihama kutoka kampuni ya OreCorp kwenda ya Perseus mwaka 2024. Ahadi ya mdomo ya mmiliki wa kwanza hamtaidai kwa wa pili, ila sharti lililoandikwa kwenye cheti cha mazingira linahama pamoja na cheti. Chochote mlichoahidiwa mkutanoni, hakikisheni kimo kwenye masharti ya cheti.

Tangu 2017 sheria inaipa serikali hisa zisizopungua 16% kwenye migodi mikubwa. Si tayari tuna mlinzi ndani? (Msomaji, Nyegezi)

Tuna mtu wa kusoma hesabu ndani, na hilo lina faida yake: bodi haiwezi kuficha kirahisi gharama za mazingira. Lakini mbia analipwa gawio, na kila shilingi inayokwenda kwenye mtambo wa kusafisha maji inapunguza gawio hilo. Romania iliona matokeo yake. Kampuni ya Aurul ya Baia Mare ilikuwa ya ubia kati ya Esmeralda ya Australia na kampuni ya serikali ya Romania. Usiku wa Januari 30, 2000, baada ya theluji na mvua kubwa, ukuta wa bwawa lake ulipasuka na mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sayanaidi zikaingia mitoni. Hungaria, jirani wa chini ya mto ambaye hakuwa na hisa hata moja, ilipoteza zaidi ya tani 1,000 za samaki. Hisa zikae hazina. Mkaguzi awe na bajeti yake, gari lake na maabara yake, na ripoti zake zisipitie kwa anayesubiri gawio.

Nanunua mapanki, mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, kiwandani. Ndani ya viwanda vya sangara ni kusafi kuliko hospitali, lakini nje mfereji unanuka. Mbona wazungu wanakagua sana na harufu bado ipo? (Mama wa biashara, Igogo)

Mama, umeliona jambo ambalo vitabu vingi vya uchumi vinalipita juu juu. Mnunuzi wa Ulaya anakagua kile atakachokula. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia sangara wa ziwa hili kwa nyakati tofauti, kwanza kwa sababu ya vijidudu vya salmonella, kisha hofu ya kipindupindu, kisha habari za samaki wanaovuliwa kwa sumu. Viwanda vikabadilika: vigae ukutani, maji yenye klorini, barafu, maabara. Usafi huo uliletwa na mtaji pamoja na soko la nje, na tunaukubali bila kusita. Ila minofu ndiyo inayopanda ndege. Maji machafu hayapandi, kwa hiyo hakuna mnunuzi anayeyaulizia. Yanamhusu mkaguzi wetu.

Maji yanayotoka kwenye meza za minofu yana damu, mafuta na vipande vya nyama. Kipimo chake ni BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vitakula majini ili kuozesha uchafu huo. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayomwagwa ni miligramu 30 kwa lita. Maji ghafi ya kiwanda cha samaki huweza kuzidi 1,000. Ukiyaachia kwenye ghuba isiyo na mkondo, oksijeni inakwisha. Kinachohitajika ni wavu wa kunasa vipande, mtego wa mafuta, kisha mabwawa au tangi la kupuliza hewa. Mtego wa mafuta ndio unaoharibika kwanza: usipokombwa mara kwa mara, mafuta yanaganda na kuziba, na mtu anafungua njia ya pembeni. Harufu unayoisikia alfajiri huenda ni ya njia hiyo ya pembeni. Na biashara yako ya mapanki, pamoja na mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) na mafuta ya sangara, inapunguza mzigo huo. Kila kilo unayoichukua haiendi mferejini.

Nina leseni ndogo Nyarugusu. Kuna mwekezaji kutoka nje anataka kujenga vati, yaani tangi la kuchenjulia, achenjue marudio yangu (mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza) kwa sayanaidi, tugawane. Marudio yote yalishapita zebaki. Niangalie nini? (Mchimbaji, Geita)

Simama hapo kwenye zebaki. Sayanaidi ikikutana na zebaki kwenye marudio inaiyeyusha pamoja na dhahabu. Zebaki iliyokuwa imekaa kama shanga nzito kwenye mchanga sasa inatembea na maji. Nyingine inashika kwenye kaboni, yaani makaa ya kunasia dhahabu, inasafiri mpaka kwenye mtambo wa iluesheni unaotoa dhahabu kwenye makaa hayo, na inapochomwa huko inapaa kama mvuke ambao wafanyakazi wanauvuta. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja uchenjuaji wa namna hii miongoni mwa matendo manne mabaya zaidi yanayotakiwa kukomeshwa.

Zebaki itolewe kwanza. Marudio yapitishwe kwenye meza inayotikisika au mashine ya kuzungusha inayovuta vitu vizito, na kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, ambayo hunasa zebaki iliyobaki. Kisha sampuli ipelekwe maabara kabla ya vati kujazwa. Mwekezaji akisema hatua hiyo inampotezea muda, umeshajua ni mtu wa aina gani.

Kwenye vati lenyewe kuna pH, kipimo cha asidi: ikishuka, asidi inaongezeka. Chokaa inatangulia, sayanaidi inafuata, na pH ikae juu ya 10 muda wote. Ikishuka chini ya 9, zaidi ya nusu ya sayanaidi huru inakuwa gesi. Sodiamu sayanaidi robo gramu ikimezwa inatosha kuua mtu mzima, kwa hiyo stoo iwe na kufuli, na isiwe karibu na asidi. Sakafu na kuta za vati zijaribiwe kwa maji matupu siku kadhaa kabla ya kuanza. Kwenye ufa wa saruji ndipo uvujaji unapoanzia. Ukimaliza, mabaki yaoshwe na sayanaidi ivunjwe, kwa mfano kwa haidrojeni peroksaidi. Migodi mikubwa inayofuata kanuni za kimataifa za sayanaidi haipeleki bwawani maji yanayozidi miligramu 50 kwa lita za sayanaidi inayoandikwa WAD kwenye ripoti, yaani ile inayoachiliwa hata na asidi hafifu. Mwambie naye afikie hapo.

Kisha karatasi. Leseni ndogo ni ya Mtanzania, na mgeni huingia kwa mkataba wa msaada wa kiufundi. Maana yake akiondoka usiku, vati linabaki na jina lako. Andika kwenye mkataba nani ananunua kemikali za kuvunjia sayanaidi, mabaki yanakaa wapi, na fedha za kufukia ziwekwe benki kabla ya mzunguko wa kwanza, kwa saini zenu wote wawili.

Machi 2022 samaki walikufa Mto Mara. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo, wengine wakanyoosha kidole mgodini, na ubishi haujaisha. Likitokea tena, sisi wavuvi tutajuaje? (Mvuvi, Musoma)

Mtajua mkifika mapema na chupa sahihi. Sayanaidi huweza kupotea majini ndani ya siku chache, na ubishi mwingi unadumu kwa sababu sampuli ilichukuliwa maji yenye jibu yakiwa yameshapita.

Kwanza tazameni samaki. Oksijeni ikikosekana, wanapanda juu kuhema alfajiri, wakubwa wanatangulia kufa, maji yanakuwa meusi na kunuka mayai viza. Kambare na kamongo, kwa kuwa wanaweza kuvuta hewa ya juu, mara nyingi wanapona. Sayanaidi haichagui: wadogo kwa wakubwa, kambare nao, kwa muda mfupi, na matamvua yanakuwa mekundu ya kung'aa. Asidi inaacha utando wa rangi ya kutu kwenye mawe, na maji huwa maangavu kupita kawaida. Dalili hizi zinaelekeza tu. Kinachothibitisha ni maabara.

Chukueni sampuli sehemu tatu: juu ya chanzo mnachokishuku, pale pale, na chini yake. Bila ile ya juu hamna kesi. Simama ukielekea mkondo unakotoka, zamisha chupa sentimita 20 hadi 30, usikoroge tope. Chupa za metali hutiwa asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2. Za sayanaidi ziwe za rangi ya giza na zitiwe sodiamu hidroksaidi hadi pH ifike 12. Msichanganye hizo mbili, maana asidi ikigusa maji yenye sayanaidi inatoa gesi ya sumu. Ya BOD haitiwi kitu, inawekwa kwenye barafu na kufika maabara ndani ya saa 24. Zebaki msiitafute kwenye maji, hukaa kwenye tope la chini na kwenye nyama ya samaki.

Chupa na dawa zake ombeni mapema, kabla ya tukio, kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji Mwanza au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, BMU yenu, kikundi chenu cha usimamizi wa mwalo, izihifadhi. Siku ya tukio mtendaji na afisa uvuvi wasaini lebo, mpige picha zenye saa na mahali, mfunge seti mbili, moja ibaki kwenu. Nakala ya barua iende Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Viktoria, ambao ndio wanaotoa vibali vya kutiririsha majitaka. Sheria ya 2004, vifungu vya 4 na 5, inawapa haki ya mazingira safi na haki ya kwenda mahakamani kuidai.

Mimi ni mzee wa Ukerewe, mjukuu wangu ni mjamzito. Ale sangara au asile? (Msomaji, Nansio)

Shikamoo mzee wetu. Ale. Zebaki huongezeka kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na anavyokula wenzake. Kikomo cha Ulaya kwa samaki wengi ni miligramu 0.5 kwa kilo, na vipimo vingi vya samaki wa ziwa letu vimekuwa chini yake, sangara wakubwa sana wakiwa ndio wanaokikaribia. Ampe mtoto tumboni dagaa, sato na sangara wadogo, na yale mapande ya sangara mkubwa awaachie nyinyi. Akiwa anaishi karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu wanakochoma zebaki, hilo ndilo la kumwondolea kwanza: mvuke wake huingia mwilini kwa urahisi unapovutwa.